Nimeokoka, lakini daftari la marehemu bado ninalo

Shikamoo Mama,

Majibu unayowapa wenzangu nimeyasoma kwa muda mrefu, na leo nami nimejikaza niandike. Naomba mji wangu usiutaje.

Nina miaka 41, ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, nauza vitenge na nguo za watoto sokoni. Mwaka 2016 nilikuwa mhazini wa VICOBA yetu, wanawake 24. Utaratibu unaujua: sanduku lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, kila wiki hisa, na kila hisa inapigiwa muhuri kwenye daftari la mwanachama. Kati yetu alikuwapo dada mmoja mjane, aliyekuwa akiuza chapati na maharage karibu na stendi. Tulishibana. Hakukosa wiki hata moja: hisa tatu, shilingi 15,000, hata zile wiki ambazo ukimtazama unajua nyumbani hali si nzuri.

Mwezi wa kumi akaanza kuugua. Kwenye kikao hakuweza tena kuja, akawa ananipa mimi fedha na daftari, jioni namrudishia daftari likiwa na mihuri yake. Desemba tulipofunga mzunguko na kugawana, mgao wake ulifika shilingi 816,000: akiba 720,000 na faida 96,000. Wenzangu walinikabidhi mimi, nikasaini kwa niaba yake, kwa kuwa kila mtu alijua mimi ndiye ninayemfikishia. Ilikuwa Jumamosi. Nikasema nitampelekea Jumatatu nikitoka sokoni. Jumapili usiku akafariki.

Mama, Mungu ni shahidi yangu, sikupanga kuiba. Msibani nilikuwa nazo ndani ya pochi. Nikaona ndugu wa marehemu mume wake wanagombania kitanda na jiko, nikasema hapa si mahali pake, nitasubiri arobaini ipite. Watoto wake wawili, mmoja wa miaka kumi na mwingine wa miaka minne, bibi yao mzaa mama akawachukua. Januari mwanangu mkubwa akahitaji ada, nikachukua laki tatu, nikasema nitarudisha. Machi nikaongeza mtaji. Pasaka ilipofika hazikuwapo tena. Hakuna aliyeuliza. Kikundi kilijua nimefikisha, na bibi hakujua kama kulikuwa na fedha.

Mwaka 2021 niliokoka. Si kwa maneno, Mama. Niliacha mengi, mume wangu mwenyewe anashuhudia. Leo ninaongoza maombi ya akina mama siku ya Alhamisi.

Mwezi wa tano mwaka huu nilikuwa stendi nasubiri basi. Msichana anayeuza maji na karanga akaniita, "Shikamoo mama mdogo!" Sikumtambua mpaka aliposema jina la mama yake. Ana miaka 19, shule aliishia darasa la saba. Mdogo wake ndiye anayesoma, na yeye ndiye anayemnunulia sare. Nilimpa fedha ya maji akakataa. Akasema, "Wewe ulikuwa rafiki ya mama." Tangu siku hiyo silali.

Nilikwenda kwa mchungaji wangu nikamweleza yote. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba ya kale yamepita, nimesamehewa kwa imani, na nikianza kulipa ninasema damu ya Yesu haitoshi. La pili, kwamba kama moyo hautulii, kiasi hicho nikitoe sadaka ya shukrani kwenye ujenzi wa kanisa, lakini nisilifungue jambo hili nje, maana nitaiaibisha huduma. Akasema ananiagiza kama baba yangu wa kiroho.

Kisha rafiki yangu wa kanisa jingine akaniambia kinyume chake kabisa: mtu anayekalia mali ya yatima hajaokoka, anajidanganya, imani bila matendo imekufa.

Sasa niko njia panda. Kama ninaokolewa kwa imani, kulipa kwangu kunaongeza nini? Na kama ni lazima nilipe kwanza, je, miaka yote hii nilikuwa nani? Tena Biblia si imesema tuwatii viongozi wetu? Mume wangu hajui lolote. Daftari la marehemu bado ninalo, liko sandukuni chini ya nguo.

Mama wa Alhamisi

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nianze na neno la rafiki yako, kwamba hujaokoka, kwa kuwa nadhani ndilo lililokuchoma kuliko yote. Kabla ya mwaka 2021 ulipita stendi ileile, ukalala usingizi wako. Leo hakuna aliyekushtaki, hakuna aliyefungua daftari, binti mwenyewe hajui kitu na anakuamkia kwa heshima, lakini chupa moja ya maji imekutoa usingizini miezi yote hii. Yakobo alipoandika kwamba imani pasipo matendo imekufa, alikuwa anazungumza na watu waliomwona ndugu yao hana nguo wala chakula, wakamwambia nenda zako ukaote moto, ukashibe, kisha wakaendelea na mambo yao bila kuumia popote. Maiti haumwi. Wewe unaumwa. Imani yako ipo, inakusukuma, na wewe umesimama mlangoni hujatoka.

Sasa swali lako lenyewe, la imani na utii. Sisi tunaosema Kiswahili tumesaidiwa na lugha yetu, ila tumeizoea mno. Mtoto anayetii tunamwitaje? Msikivu. Na mkaidi? Tunasema hasikii, ingawa masikio yake ni mazima kabisa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na anayesemwa hapo si kiziwi. Kwetu mtu hahesabiwi kuwa amesikia mpaka mguu umeinuka. Ukiwa na hilo kichwani, soma tena Warumi 10:17, kwamba chanzo cha imani ni kusikia. Hata kwa Kigiriki alichoandikia Paulo, neno la utii limezaliwa na neno la kusikia. Ndiyo maana katika mistari ya kwanza kabisa ya Warumi, kabla hajaingia kwenye hoja yoyote, anasema alipewa utume ili mataifa yote "wapate kujitiisha kwa imani", na katika sura ya 16, anapoaga, anarudia jambo hilohilo. Yule yule Paulo anayenukuliwa na mchungaji wako kwamba imani peke yake inatosha.

Liko na neno jingine ambalo nataka ulibebe. Imani, uaminifu, amana: haya ni ya ukoo mmoja. Rafiki yako alikuamini, akakupa amana, kwa sababu ulikuwa mwaminifu. Fedha zile hazikuwa zako siku ya Jumamosi, na kifo cha Jumapili hakikuzifanya kuwa zako.

Unauliza, kipi kinatangulia? Hapo mtazame Ibrahimu, kwa kuwa Paulo na Yakobo wote wawili wanakwenda kwake, kila mmoja kwa siku yake. Paulo anamchukua kwenye Mwanzo 15, usiku ule alipoonyeshwa nyota, akamwamini Bwana, ikahesabiwa kwake kuwa haki. Alikuwa hajatahiriwa. Hesabu miaka utaona: Ishmaeli alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86, na hilo ni baada ya usiku wa nyota, ilhali alitahiriwa akiwa na miaka 99. Kwa hiyo alikubaliwa na Mungu miaka 13 au zaidi kabla ya tohara, na hoja ya Paulo katika Warumi 4 imesimama hapo: hakununua kitu. Yakobo yeye anamkuta Ibrahimu miaka mingi baadaye, mlimani, kisu mkononi, Isaka amefungwa juu ya kuni, Mwanzo 22. Anasema, mnaona, ile imani ya usiku wa nyota ilitenda kazi pamoja na matendo yake, ikakamilishwa. Mtu ni yule yule na imani ni ile ile. Paulo anaonyesha jinsi ilivyoanza, Yakobo anaonyesha jinsi ilivyokua. Na kabla ya siku zote mbili kulikuwa na siku ya kwanza, pale Harani, Ibrahimu ana miaka 75. Waebrania 11:8 inasema kwa imani alipoitwa aliitika, "akatoka asijue aendako". Jaribu kutenganisha imani na utii katika mstari huo. Mimi nimefundisha Shule ya Jumapili miaka zaidi ya thelathini na sijaweza.

Wewe ulikwisha kuwa na usiku wako wa nyota, mwaka 2021. Usiukane. Kilichokujia stendi mwezi wa tano ni mlima wako.

Zakayo naye anasaidia sana hapa. Angalia mpangilio wa Luka 19. Yesu anamwita ashuke mkuyuni na kusema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Watu wananung'unika, na wana sababu, kwa maana mtu huyu ametajirika kwa kuwanyonya. Ndipo Zakayo anasimama na kusema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne. Hakuna aliyemdai hapo. Kilichofungua mkono wake ni kwamba alikwisha kupokewa akiwa hana kitu cha kuonyesha. Sasa mchungaji wako anaposema kulipa ni kuidharau damu ya Yesu, muulize kwa upole: Zakayo aliidharau neema, au ndipo alipoionja?

Tena msamaha wa Mungu umefuta hatia yako mbele zake. Shilingi 816,000 hukuzichukua mbinguni. Zilitoka kwenye chapati za mwanamke mmoja na zilikuwa zinakwenda kwa watoto wawili, na watoto hao hawajapokea.

"Ya kale yamepita" ni kweli, 2 Wakorintho 5:17. Lakini endelea na barua hiyohiyo mpaka sura ya 8. Paulo amechangisha fedha kwa ajili ya waamini maskini wa Yerusalemu, na badala ya kuzibeba peke yake anapanga watu wengine wafuatane nazo, ili asiwepo wa kumlaumu, akisema wanaangalia yaliyo mema si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu. Mwanangu, wewe umekuwa mhazini, maneno hayo unayaelewa kuliko wahubiri wengi. Huyo ndiye kiumbe kipya anavyoshika fedha za watu.

La sadaka ya ujenzi limeniuma kuliko jingine lolote, na sitalizunguka. Usifanye hivyo. Katika 1 Samweli 15 Sauli aliambiwa asibakize kitu cha Waamaleki, akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, kisha akamwambia Samweli kwamba ameitimiza amri ya Bwana. Samweli akamuuliza, kama ni hivyo, huu mlio wa kondoo ninaousikia ni wa nini? Sauli akajibu ni kwa ajili ya kumtolea Bwana dhabihu. Ndipo Samweli akasema neno tunalolijua wote, kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Kondoo wako wanalia stendi, mwanangu, wakiwa na ndoo ya maji kichwani. Na sheria ya Musa ilikwisha kuliona jambo kama lako: Hesabu 5 inasema aliyekosa arudishe kitu chote na aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe aliyemkosea. Kitakwenda kwa Bwana na kuhani pale tu ambapo aliyekosewa hana jamaa wa kupokea. Rafiki yako ana watoto wawili walio hai, na mmoja ulizungumza naye.

Juu ya kumtii mchungaji: ndiyo, Waebrania 13:17 inatuagiza kuwatii wanaotuongoza, na inatoa sababu, kwamba wanakesha kwa ajili ya roho zetu kama watu watakaotoa hesabu. Anayekuambia ukae kimya ili huduma isiaibike, hapo alikuwa anakesha kwa ajili ya huduma. Petro na wenzake walipoagizwa na baraza wanyamaze walijibu kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, Matendo 5:29, na wale waliowaagiza walikuwa viongozi wa dini yao wenyewe. Simwiti mchungaji wako mtu mbaya. Inawezekana aliogopa tu, na hofu hutupata sote tunaoongoza. Usimsengenye, usihame kanisa kwa hasira. Rudi kwake umwambie, "Baba, nimeomba, nimesoma, nakwenda kurudisha," kisha nenda. Hukwenda kumwomba ruhusa, ulimpa heshima yake.

Mimi nimezaliwa Kagera, katika nyumba ya walokole, watu wa uamsho wa kiroho. Uamsho ule ulianzia kwa jirani zetu: mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, na katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukavuka ukafika kwetu. Kilichowashangaza watu waliokuwa nje ya uamsho ni jinsi walokole walivyorudisha vitu. Aliyeiba ng'ombe aliswaga ng'ombe kumrudisha, aliyeiba kazini alipeleka vitu kwa bwana wake mchana kweupe. Mama yangu alitusimulia habari ya jirani aliyefika kwa bibi na majembe mawili, moja kuukuu limelika mpaka nusu, na moja jipya. Lile kuukuu aliliiba shambani kwa bibi miaka mingi nyuma, akalilimia mpaka likaisha. Jipya alilinunua. Bibi akayapokea yote mawili, akamkaribisha ndani, akampa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote. Nilipokuwa mdogo nilidhani hadithi ile ni ya wizi. Siku hizi naona ni ya yule jirani njiani, majembe mawili begani, watu wanamtazama.

Ila nisifiche na upande mwingine. Walikuwapo waliosimama mbele ya mkutano wakaungama hata yaliyowahusu wenzao, na nyumba zikatikisika. Kwa hiyo sikushauri upande madhabahuni ukatoe ushuhuda. Kosa lako lina wenyewe, na hao ndio wanaostahili kulisikia kwanza.

Mimi ni Mlutheri, na najua wako watakaosema ninauza matendo. Mwaka 1522, katika Agano Jipya lake la Kijerumani, Luther aliuita waraka wa Yakobo waraka wa mabua, yaani usio na uzito. Lakini katika kitabu hichohicho, kwenye dibaji ya Warumi, aliandika kwamba imani ni kitu hai kisichotulia bila kutenda, na kwamba huwezi kuitenga na matendo kama usivyoweza kuutenga moto na joto na mwanga wake. Na tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki waliokuwa wamelumbana karne kwa karne walitia saini tamko moja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani, si kwa kustahili kwetu, na Roho anatutia nguvu na kutuita tutende mema. Hapo mchungaji wako na rafiki yako wangeweza kukaa benchi moja.

Sasa twende kwenye kutenda, na hapa nisikilize polepole.

Mwambie mume wako kwanza, wiki hii, mkiwa wawili. Ada ile ilimsomesha mtoto wake pia. Atakasirika, na anayo haki. Lakini akilisikia kwa mtu mwingine utakuwa umempiga mara mbili.

Kisha tafuta ushauri wa sheria kabla hujaweka saini popote. Kutumia fedha uliyokabidhiwa kwa ajili ya mtu kunaweza kuwa kosa la jinai, sitakuficha. Wasaidizi wa kisheria wapo katika wilaya nyingi, waulize. Waulize pia kama kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, maana fedha hizi ni mali ya marehemu na mtoto mdogo bado yuko chini ya miaka 18. Wale waliogombania kitanda na jiko wakisikia kuna laki nane watarudi. Zipite kwenye njia ambayo watoto wote wawili watapata, kwa maandishi, bibi yao akiwapo.

Viongozi wa kikundi cha wakati ule waeleze pia. Kitabu chao kinasema marehemu alipokea, na hakupokea.

Juu ya kiasi, mimi ningeanza na ile sehemu ya tano ya Hesabu: 163,200 juu ya 816,000, jumla 979,200. Mara nne ya Zakayo ilitoka moyoni mwake mwenyewe, mimi siwezi kukupangia. Lakini kumbuka 816,000 ya Desemba 2016 ingenunua sare, madaftari na pengine meza ya biashara, na binti yule angekuwa mahali pengine leo. Huna zote? Peleka ulizonazo, andikiana nao tarehe za zilizobaki. Uza marobota mawili ya mzigo wako ikibidi. Ila usithubutu kwenda kwenye mikopo ya kausha damu ili ulipe haraka uonekane umemaliza. Utawaletea watoto wako mwenyewe shida ileile.

Uongozi wa Alhamisi uache kwa muda. Simaanishi kwamba hufai. Katika Mathayo 5 Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapohapo, uende kwanza ukapatane naye, kisha urudi uitoe. Alisema uiache, hakusema uitupe. Itakusubiri.

Siku ya kwenda, sema kwa kifupi. "Mama yako aliacha fedha. Nilikabidhiwa mimi nimletee. Sikumletea, nikazitumia. Nimekuja kuzirudisha." Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Usimweleze kwamba Mungu amekwisha kukusamehe, hilo ni lako na Mungu. Usimdai msamaha siku hiyo kana kwamba ni risiti. Huenda akanyamaza, huenda akakufukuza, huenda asikuite tena mama mdogo. Hilo la mwisho najua ndilo unaloliogopa, kwa kuwa ndilo ulilolitaja kwanza ulipomtaja. Nenda hivyo hivyo. Ibrahimu hakujua aendako.

Na lile daftari usilichome, wala usilirudishe chini ya nguo. Lifute vumbi, liweke kwenye bahasha safi, umpe binti mkononi pamoja na fedha. Lina jina la mama yake juu, na ndani mihuri mitatu kwa kila wiki, hata zile wiki alizokuwa kitandani. Ana miaka 19 na amebeba sare za mdogo wake peke yake. Inawezekana hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mama yake alikuwa anamwekea akiba.

Niandikie ukirudi.

Mama